Mtu wa Mama Marinda

Mkono wa kushoto wa fundi mapazia ulianza kunenepa bila kumwomba ruhusa mwenye mwili. Mwili wenyewe ulikuwa umekonda, mashavu yameingia ndani, shingo imekuwa kama ya kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Lakini mkono huo mmoja ulikuwa unakula vizuri mahali fulani ambako wenzake hawakualikwa. Kwanza pete ilikataa kutoka. Halafu bangili ikaanza kuacha mtaro kwenye ngozi. Halafu asubuhi moja alivaa blauzi yake ya kutokea, mkono wa kulia ukapita kama panya kwenye bomba, wa kushoto ukakwama kwenye kiwiko, haurudi wala hauendi. Akabaki katikati ya chumba amenaswa na nguo aliyoishona mwenyewe, na hana wa kumwita aje amvute.

Alichukua mkasi akaipasua blauzi kwenye mshono. Kisha akakaa kitandani akacheka. Kicheko kikazunguka chumba kizima kikitafuta mtu wa kucheka naye, hakikuona, kikarudi kikajilaza pembeni yake.

Watu walimwita Mama Marinda, na si kwa sababu alizaa mtoto wa jina hilo, maana hakujaliwa mtoto. Ni kwa ajili ya marinda ya mapazia yake, yaliyolala sawasawa na kwa wingi hata ikasemwa kuwa mjusi mmoja aliingia kwenye pazia lake akiwa kijana, akapotea humo ndani, na alipotokea upande wa pili alikuwa na wajukuu. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba za watu na futi shingoni, kupanda kiti, kupima dirisha, kushuka. Alijua nani anaficha ufa kwa pazia zito na nani anataka kitambaa chepesi ili majirani waione televisheni yake. Sebule za mtaa mzima alizijua. Ya kwake hakuna aliyeijua, kwa sababu tangu mumewe afariki wateja waliishia mlangoni.

Upande wa pili wa ukuta aliishi wifi yake, dada wa marehemu. Ilikuwa nyumba moja iliyokatwa kati kwa ukuta mwembamba, mwembamba kiasi kwamba wifi akipiga chafya, vikombe vya Mama Marinda vinatetemeka kabatini. Hawakugombana hata siku moja. Baada ya matanga, Mama Marinda alisema moyoni, "Aje yeye, mimi ndiye mfiwa." Naye wifi akasema kwa sauti, maana wifi hakuwahi kusema kitu moyoni, "Aniite yeye, mimi pia nimefiwa." Mmoja akasubiri kuitwa, mwingine akasubiri kujiwa, miaka ikapita katikati yao kama mgeni asiyesalimia.

Kwa hiyo ugonjwa wa titi ulipomshika, Mama Marinda hakumwambia mtu. Alifunga mlango, akapaza sauti ili ukuta usikie, "Naenda kushona mapazia ya hoteli! Hoteli kubwa, madirisha yake hayahesabiki!" Alikwenda hospitali. Wakamkata titi la kushoto, wakatoa na tezi za kwapani ambako ugonjwa ulikuwa umeanza kupenya, kisha wakamchoma kwa mionzi. Alirudi na mfuko wake wa nguo, akajaza upande ule wa sidiria kwa vipande vya bitana vilivyobaki kazini, akakaa kwenye cherehani. Mteja wa kwanza akamwambia, "Hoteli imekukondesha, Mama Marinda." Akajibu, "Ngazi zake hazina mwisho. Unapanda umeshiba, unafika juu una njaa."

Mkono ulipovimba ndipo uongo ulipoanza kumshinda. Muuza vitambaa, mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko gora zake, aliuona siku aliyoenda kununua nyuzi.

"Hayo matende," alisema mbele ya wateja wote.

"Matende ya mkono?"

"Mbu hana adabu, anauma anapotaka."

"Basi huyo mbu alikuwa anapima pazia," akasema Mama Marinda, "maana kachagua upande mmoja tu." Watu wakacheka. Akaondoka akiwa amesahau nyuzi.

Hospitali walimpeleka kwenye chumba kidogo cha mwisho, kwa muuguzi aliyeshughulikia wenye uvimbe tu. Alikuwa binti mfupi mwenye mikono ya baridi, na maneno yake aliyapanga kama mtu anayetandika kitanda. Alimbonyeza mkono kwa kidole, shimo likabaki pale pale.

"Mama, damu inapozunguka huwa inaacha maji katikati ya nyama, ili kuilisha," alisema. "Mengi yanarudi kwenye damu yenyewe. Yanayobaki yanakusanywa na mishipa mingine, myembamba kuliko uzi wako. Hayo ndiyo maji ya limfu. Sasa, mishipa hiyo haina moyo wa kuisukumia maji. Inasaidiwa na pumzi yako, na misuli ukikunja na kukunjua mkono, na ndani ina vilango ili maji yasirudi nyuma. Maji yakifika kwapani yanapita kwenye tezi, yanachujwa vijidudu na uchafu, yanaendelea kupanda mpaka hapa." Akamgusa chini ya shingo, juu ya mtulinga. "Hapa ndipo yanapomiminika tena kwenye damu."

"Na yangu?"

"Tezi zako za kwapani zilitolewa, na zilizobaki zikakakamaa kwa mionzi. Maji yanakuja kama kawaida, yanakuta njia imekatwa. Yanakaa. Yakikaa yanavuta mengine, ngozi inakuwa ngumu, na kidonda kidogo tu kinageuka homa, maana walinzi wa kwapani hawapo."

"Si yapite kichwani? Huko nina nafasi tele."

Muuguzi akatabasamu. "Ndilo tutakaloyafundisha, kupita njia nyingine."

"Nasikia ni matende."

"Matende yanaletwa na minyoo inayotoka kwa mbu, inaharibu mishipa hii hii. Yako imeharibiwa na tiba iliyokuokoa. Walioingia ni tofauti, nyumba waliyoivunja ni moja."

"Na uvimbe, utakwisha?"

"Hautakwisha kabisa, mama. Lakini ukitunzwa utapungua, na utashona."

Akamwonyesha. Hakuanzia mkononi. Alianzia shingoni, akaenda kwapa la kulia, akashuka kwenye kinena, anavuta ngozi taratibu na kuiachia, wepesi kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala asitake aamke. Mama Marinda akakosa subira. "Mgonjwa ni mkono, wewe unahangaika na shingo?"

"Nafungua njia ya mbele kwanza. Nikisukuma mkono sasa hivi, maji yaende wapi?"

Kisha zikaja bendeji. Vidole kwanza, kimoja kimoja, halafu kiganja, halafu juu. Huku chini zilikaza, na kadiri zilivyopanda zililegea. Muuguzi alitumia mikono yake yote miwili, na kidevu.

"Hizi zinafungwa kila siku," alisema. "Peke yako huwezi, unabaki na mkono mmoja. Ukija tena, njoo na mtu wako nimfundishe."

"Mtu wangu," akasema Mama Marinda.

"Mtu wako wa nyumbani. Unaye?"

"Ninaye! Kwa nini nisiwe naye?"

Alijaribu mwenyewe. Alishika ncha ya bendeji kwa meno, bendeji ikaponyoka, ikabingiria chini ya kitanda hadi ukutani kama iliyoitwa na wifi. Akaifunga ncha kwenye fimbo ya pazia, akasimama mbali, akaanza kujizungusha kuisogelea, akijiviringisha kama uzi kwenye kibiringo. Alizunguka mpaka kizunguzungu kikamkamata, fimbo ikang'oka na pazia na misumari yake, na vyote vikamshukia kichwani. Alikaa humo ndani ya pazia muda mrefu. Kulikuwa na giza zuri, lililoshonwa vizuri.

Akaenda hospitali peke yake.

"Mtu wako yuko wapi?" aliuliza muuguzi.

"Kazini."

"Anafanya kazi gani?"

Mama Marinda alifikiri ni mtu wa namna gani angemfaa. "Anapanda ngazi."

"Anapanda kwenda wapi?"

"Ndiyo kazi yenyewe, binti yangu. Anapanda."

"Haya. Anaitwa nani?"

"Mrefu," akasema Mama Marinda haraka. "Ni mrefu sana. Akisimama sebuleni hahitaji kiti kufikia fimbo."

Safari iliyofuata Mrefu alikuwa anaumwa jino. Iliyofuata tena alikwenda kumzika shangazi yake, na shangazi huyo alikuwa mnene, jeneza lilihitaji watu wengi, asingeweza kukwepa. Muuguzi alimfunga bendeji, akamwambia ampe pole. Bendeji hizo zikilegea baada ya siku moja mkono unajaa tena, kama mlevi anayerudi kilabuni.

Kilichomsumbua Mama Marinda ni kwamba Mrefu hakubaki hospitali. Alimfuata nyumbani. Akikata kitambaa, alimuuliza, "Maua yaangalie juu au chini?" Mrefu alikubali yote mawili, na huo ndio uliokuwa upungufu wake, alikubali kila kitu. Mama Marinda alianza kumkaripia kwa kuchelewa kuamka. Siku nyingine alimsamehe. Alimsamehe kwa sauti, halafu akasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia chumbani, akanyamaza, akakanyaga cherehani kwa nguvu ili pawe na kelele ya mtu anayefanya kazi.

Ndipo akili ya ufundi ilipomjia. Kama hakuna wa kumfunga, atashona kitu cha kujivalisha. Alichukua kitambaa kizito cha kuvutika, akajipima, akakata mfano wa soksi ndefu ya mkono kuanzia kiganjani mpaka karibu na bega. Akashona mishono miwili miwili. Na kwa kuwa hakuna fundi duniani anayeacha soksi bila cha kuizuia isiteleze, juu kabisa akatia lastiki pana, akaikaza vizuri. Alipoivaa alijitazama kwenye kioo cha kabati. Ilikaa kama imezaliwa naye. "Umeona?" alimwambia Mrefu. "Hata wewe sikuhitaji tena."

Siku hiyo hiyo akishona pazia la mtu, sindano ilimchoma kidole cha mkono ule. Alikinyonya, akaendelea.

Lastiki ilifanya kilichomo katika tabia ya lastiki. Ilifunga hata kile kijia kidogo ambacho maji yalikuwa yanajiibia kupanda juu. Kesho yake kiganja kilikuwa kimejaa hadi vidole havikutani, utadhani kaazima mkono wa jitu na jitu limesahau kuja kuuchukua. Wekundu ukapanda kutoka kwenye kidole kuelekea kiwikoni. Ngozi ilikuwa moto. Baridi ikamwingia mchana kweupe, jua limewaka nje, meno yanagongana kwa kasi ya ajabu.

Ukuta ukagongwa. "We mwanamke!" sauti ya wifi ilipenya. "Hiyo cherehani imekosa mafuta?"

Mama Marinda aliibana taya yake kwa mkono mzima. Angeweza kusema neno moja tu. Neno lilifika mpaka mdomoni.

"Nitaitia!" akajibu.

"Itie, unanitoboa masikio!"

Akajifunga khanga mbili, akajikokota hospitali.

Muuguzi alipoona alikata ile soksi kwa mkasi bila kuuliza. Pale lastiki ilipokuwa, ngozi ilikuwa imeingia ndani kama kamba kwenye gunia. "Nani amefanya hivi?"

"Mtu wangu."

"Nilisema chini kukaze, juu kulegee! Huyu amekaza juu! Mwambie mtu wako alikuwa karibu kukuua. Hana akili?"

Na hapo Mama Marinda, na homa yake yote, akakasirika kweli. "Usimtukane! Ana akili sana. Ni mwema yule, hajawahi kuniinulia sauti. Alitaka isiteleze tu. Alikesha... alihangaika, peke yake, hakuna wa kumwelekeza..." Machozi yakamtoka, akashangaa yametoka wapi, maana kila tone la mwili wake alidhani liko mkononi.

Muuguzi aliigeuza soksi ndani nje, akatazama mishono. "Kwa mpanda ngazi," alisema polepole, "anashona vizuri mno."

Kitoroli kikapita nje kikilia gurudumu.

"Hayupo," alisema Mama Marinda.

"Amekwenda wapi leo?"

"Hayupo popote, binti yangu."

Muuguzi hakumcheka wala hakumwonea huruma, na Mama Marinda alimshukuru kwa yote mawili. Alimpa dawa za kuua vijidudu, akamwambia bendeji zisubiri mpaka wekundu uishe, mkono ukae juu ya mto. Kisha akavuta kiti.

"Mama, homa hii itarudi. Ikirudi na wewe umefungiwa ndani peke yako, sumu ikaingia kwenye damu, hutapata nguvu ya kutembea kuja hapa. Mimi siwezi kuwa nyumbani kwako kila siku. Tafuta mtu wa kweli. Jirani. Hata adui, mradi ana mikono miwili."

Wekundu ulipoisha, Mama Marinda aliwapitia watu wote aliowajua, mmoja mmoja, kichwani. Alikuta anawajua kwa upana wa madirisha yao. Hakuna aliyekuwa anamjua yeye kwa lolote. Wote wakaisha, akabaki mmoja.

Alisimama mbele ya mlango wa wifi akitunga cha kusema. Aseme amekosa chumvi. Aseme amesikia harufu ya moshi. Mlango ukafunguka kabla hajachagua.

"Unapumua mlangoni kwangu tangu jua liko kule," alisema wifi. Alikuwa amezeeka, ndilo jambo la kwanza Mama Marinda aliloona. Sauti ilikuwa ile ile, mwenye sauti amesinyaa. "Unataka kuununua mlango?"

"Nimekuja kuazima mikono."

"Mikono haiazimwi, ina mwenyewe."

"Basi nimekuja kumwazima mwenyewe."

Wifi akashusha macho kwenye mkono ule. "Mtaani wanasema ni mbu. Huyo mbu alikuwa ng'ombe?"

"Si mbu, wifi." Mama Marinda aliingia, akafunga mlango, akafungua vifungo vya blauzi. Vipande vya bitana vikamwagika sakafuni. Alisimama hivyo, kovu wazi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hadithi ilimpotea.

Wifi aliinama akaokota kipande, akakigeuza kwenye mwanga. "Hii si bitana ya pazia langu la chumbani, lile la kabla ya msiba?"

"Ilibaki."

"Uliniambia imetosha kabisa kabisa."

"Ilibaki kidogo."

Wifi akakaa kitako. Alikikunja kile kipande, akakikunja tena, mpaka hakikunjiki. "Ile safari yako ya hoteli," alisema.

"Hakukuwa na hoteli."

"Nilijua hakuna. Mimi nilidhani umepata bwana."

"Ningepata bwana ningekugongea ukuta usiku na mchana nikuudhi."

"Ungefanya hivyo," wifi alikubali. Halafu akapaza sauti ghafla, "Na ungekufa je? Ungekufa huko kwenye hoteli yako, mimi ningeambiwa na nani? Na ukuta?"

Wifi hakusubiri jibu. Alikuwa ameshainuka anatafuta viatu.

Hospitali wifi alibishana na muuguzi kwa kila hatua. Kwa nini shingo. Kwa nini wepesi hivyo, hii ni tiba au ni dhihaka? Kwa nini usiufinye mkono ukatoa maji yote mara moja kama nguo? Muuguzi akamweleza kwamba mishipa ya limfu iko juu juu chini ya ngozi, ukiikandamiza kwa nguvu unaibana, haipeleki kitu. Wifi aliguna. Lakini macho hakuyatoa.

Asubuhi ya kwanza nyumbani alikuja na kiti chake, kana kwamba Mama Marinda hana viti. Akamkalisha dirishani, akaweka vidole vyake shingoni, akaanza kusugua.

"Polepole, wifi. Si sufuria hilo."

"Unataka ufundi au unataka mikono?"

"Muuguzi alisema uvute ngozi na kuiachia."

Wifi akaacha, akavuta pumzi, akaanza upya. Safari hii mikono ilishuka kama kitambaa chepesi kinachoangukia meza. Ilivuta, ikaachia. Ikaenda kwapa la kulia, ikavuta, ikaachia. Tangu mumewe afe, waliomgusa Mama Marinda walikuwa wamevaa glavu, isipokuwa muuguzi, na yule alikuwa na wengine wanaosubiri kwenye benchi. Alitazama nje asionekane uso.

"Unalia?"

"Ni hayo maji. Si umeyafungulia njia."

"Njia ni ya huku. Ziba hiyo."

Akamfunga bendeji, vidole, kiganja, mkono, akihesabu mizunguko kwa kunong'ona na kukosea. Moja alilazimika kuifungua na kuianza tena. Alipomaliza alibeba kiti chake.

"Tuelewane," alisema. "Mimi nakufunga mkono. Usinipikie, usinisimulie, usinishukuru. Sikuja kwa ajili yako, nimekuja kwa ajili ya kaka yangu, angekuwepo angefanya."

"Na ukichelewa?"

Wifi alisimama mlangoni na kiti begani, akawa kama anapima jambo. "Gonga," alisema, akaenda.

Nyumba ikanyamaza. Mama Marinda hakusogea pale dirishani. Aliuinua mkono uliofungwa usawa wa moyo kama alivyoelekezwa, akaanza kukunja na kukunjua ngumi ndani ya bendeji, na kuvuta pumzi mpaka tumboni, ili maji yapate wa kuyasukuma. Kunja, kunjua. Alichoka, akapumzika, akaendelea. Hakuna aliyekuwa anamtazama, na hakujisumbua kumtunga wa kumtazama.